Mzigo wa Taa Iliyozimika

Liko swali la zamani katika elimu ya maadili ambalo kila kizazi hulikuta njiani: mmoja katika kundi akianguka, je, kundi lisimame au liendelee na safari? Wenye huruma hujibu kuwa lisimame, kwa kuwa heshima ya aliyeanguka ni kubwa kuliko safari. Wenye haraka hujibu kuwa liendelee, kwa kuwa safari ni ya wengi na aliyeanguka ni mmoja. Majibu haya mawili yameshindana kwa muda mrefu, na kila moja lina hoja zake njema. Walakini yote mawili yamelisahau swali la tatu, ambalo ni zito kuliko la kwanza: kundi likiendelea, mzigo wa aliyeanguka unabebwa na nani, na kwa muda gani?

Mambo makubwa aghalabu hueleweka vizuri kwa vitu vidogo. Swali hili lina kielezo katika chombo ambacho watoto hukitazama kwa furaha na wakubwa kwa kero, nacho ni mkufu wa taa za mapambo: ule waya mrefu wenye globu ndogo ndogo ambao hutundikwa juu ya mti wa Krismasi, mbele ya duka, au katika ukumbi wa arusi. Si chombo cha fahari, na bei yake si kubwa. Lakini ndani yake yamo masharti ya maisha ya ushirika, na mtu aliyewahi kuinama usiku akitafuta globu moja mbovu kati ya hamsini ameyagusa masharti hayo kwa vidole vyake, hata kama hakuyatambua.

Taa za umeme juu ya mti wa Krismasi zilionekana kwanza New York. Tarehe 22 Desemba 1882, Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison katika kazi ya umeme, alionyesha nyumbani kwake mti uliovikwa globu 80 nyekundu, nyeupe na za buluu, na mti wenyewe ulikuwa ukizunguka. Ilikuwa ajabu ya nyumba ya tajiri. Ili ajabu hiyo ifike katika nyumba za watu wa kawaida, ilikuwa lazima iwe rahisi, na njia mojawapo ya kuirahisisha ilikuwa kuzifunga globu kwa mfululizo. Katika nyumba, taa ya chumba kimoja haiitegemei taa ya chumba kingine. Kila moja ina njia yake ya kupokea umeme na njia yake ya kuurudisha, na mpango huo huitwa sambamba. Katika mkufu wa mfululizo njia ni moja tu. Umeme huingia katika globu ya kwanza, hutoka ukaingia ya pili, kisha ya tatu, mpaka ya mwisho, ndipo hurejea ulikotoka. Hakuna globu inayopata umeme ila ule uliopita katika mwili wa jirani yake.

Mpango huu haukuchaguliwa kwa uchoyo peke yake. Umeme wa nyumba za Marekani una nguvu ya volti 120, na globu ya mkufu, ambayo ni ndogo kama ncha ya kidole cha mtoto, imeundwa kwa volti mbili na nusu hivi. Ikikabiliana na volti 120 peke yake itaungua kufumba na kufumbua. Lakini zikifungwa 50 kwa mfululizo, nguvu ile hugawanyika sawasawa kati yao, na kila moja hupata volti 2.4, ambazo yaweza kuzihimili. Kati ya miaka ya 1920 na 1950 mkufu uliozoeleka Marekani ulikuwa na globu 8 za volti 15 kila moja. Uingereza, ambako umeme ulikuwa wa volti 240, mkufu uliozoeleka baadaye ulikuwa na globu 20 za volti 12. Globu hutofautiana, hesabu ni ileile: wanyonge wengi wamegawana nguvu ambayo hapana hata mmoja wao angeweza kuikabili.

Basi kutegemeana si aibu ya mkufu. Ndiko kunakoupa uhai. Wahenga waliposema kuwa kidole kimoja hakivunji chawa, hawakukitukana kidole. Walieleza hali ya vitu vidogo vinavyotaka kutenda jambo kubwa. Globu ya volti mbili na nusu ina njia mbili tu mbele yake: kukaa gizani peke yake, au kuwaka pamoja na nyingine. Binadamu walio wengi hawana njia ya tatu iliyo bora kuliko hizo.

Lakini kila sharti huzaa sharti jingine. Ikiwa njia ni moja, basi pengo moja latosha kuifunga njia yote. Uzi mwembamba wa tangisteni ulio ndani ya globu ukikatika, umeme hukosa pa kupita, na globu zote, zilizo nzima pamoja na iliyokufa, huzimika kwa mara moja. Hivi ndivyo ilivyokuwa katika mikufu ya kale ya globu 8. Mtu aliyeitazama mara ya kwanza aliweza kufikiri kuwa ameuona ukweli wa methali isemayo samaki mmoja akioza wote huoza. Walakini methali hiyo haikufaa hapo. Globu saba zilizobaki hazikuoza; zilikuwa nzima kama jana, zikingoja. Wala ile ya nane haikuwa na kosa. Uzi wa globu hupungua kwa kila saa ya kuwaka, chembe kwa chembe, mpaka siku unapokatika. Globu yenye uzi uliokwisha haikufa kwa uasi, imekufa kwa kazi.

Wako wanaoutetea mkufu wa kale kwa hoja ya heshima. Husema kwamba ulikuwa mkweli, kwa maana haukukubali mtu afurahie nuru ya saba huku wa nane amelala mfu katikati yao. Kifo cha mmoja kilikuwa habari ya wote, na mwenye nyumba hakuweza kukipuuza hata kwa usiku mmoja. Hoja hii ina uzito, na itarudiwa kabla ya mwisho. Lakini mkufu wa kale ulikuwa na dhuluma mbili. Ya kwanza ni kuwaadhibu wasio na hatia pamoja na watazamaji wao. Ya pili ni ya hila zaidi: uliitangaza hasara lakini ukamficha mwenye kupatwa nayo. Katika giza zima na mbovu hufanana. Kilio kilisikika nyumba nzima, na aliyekufa hakujulikana ni nani.

Kwa sababu hii ilizuka desturi ya kutafuta. Mtu alichukua globu moja aliyoijua kuwa ni nzima, akaitia mahali pa ya kwanza. Mkufu usipowaka, aliirudisha ya kwanza, akaihamisha globu yake hadi mahali pa pili, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Njia hii ni nzuri iwapo mbovu ni moja. Iwapo mbovu ni mbili, haifai kitu hata ikirudiwa usiku kucha, kwa kuwa kila mahali globu njema inapotiwa, pengo la pili bado lipo mbele au nyuma yake. Itapita vituo vyote vinane na mkufu usiwake, na mwisho wake mtafutaji huanza kuishuku globu njema yenyewe. Katika jambo hili mna somo ambalo wasimamizi wa kazi za watu wangepaswa kulikariri. Mara ngapi mtu mwaminifu hupelekwa mahali palipoharibika ili apatengeneze, akashindwa, akaitwa mzembe, akahamishwa kwenda mahali pengine akashindwa tena? Kosa halikuwa lake. Waliomtuma walidhani kwamba palikuwa na mbovu mmoja, na wapo wawili. Anayetafuta mkosaji mmoja tu katika jambo lenye makosa mawili humaliza kwa kumhukumu asiye na kosa.

Mafundi walipoona tabu hii walibuni dawa, nayo ilikuja kuzoeleka katika mikufu ya globu ndogo za siku za baadaye. Chini ya uzi unaowaka, kati ya nguzo mbili zinazoushikilia, walizungusha kiwaya cha pili, chembamba sana, kilichopakwa ngozi isiyopitisha umeme. Kiwaya hiki chaweza kuitwa kiwaya cha mchepuo, kwa kuwa hufanya njia ya kando pale njia kuu inapokatika. Globu ikiwa hai hakifanyi kazi yoyote, maana volti mbili na nusu hazina nguvu ya kuitoboa ngozi yake. Lakini uzi unaowaka ukikatika, umeme husimama katika mkufu mzima. Na kwa kuwa hapana globu inayotumia chochote wakati huo, nguvu yote ya volti 120 hukusanyika mahali palipokatika. Nguvu hiyo huitoboa ngozi, kiwaya hushikamana na nguzo zake, na njia hufunguka tena. Globu iliyokufa hubaki gizani, na zilizobaki huendelea kuwaka. Yote haya hutimia kwa muda usiotosha kupepesa jicho.

Yafaa kutazama kwamba mchepuo hautoki nje. Hauletwi na fundi baada ya msiba. Umo ndani ya globu tangu ilipoundwa, ukingoja siku ambayo globu yenyewe haitakuwapo kuuona. Hapa pana wajibu wa kwanza, nao ni wa yule atakayeanguka. Mtu mwema katika ushirika huchukua ndani yake, angali na nguvu, njia ambayo wengine watapita atakapokuwa hana nguvu tena. Fundi anayemfundisha kijana siri za kazi yake, karani anayeandika hesabu kwa namna ambayo mwingine aweza kuisoma, mzazi anayeacha wosia ulio wazi, wote hawa wamefunga kiwaya cha mchepuo chini ya uzi wao. Yule anayeficha ujuzi wake ili asiweze kukosekana amejipa heshima ya globu ya kale: siku atakapozimika, giza litakuwa kubwa, na atadhani giza hilo ni sifa yake.

Wala mchepuo hauwezi kumsaidia aliyeondoka mahali pake. Globu ikilegea katika tundu lake, au ikichomolewa, kiwaya chake kimeondoka pamoja nayo na mkufu huzimika kama zamani. Kuanguka kazini na kuitoroka kazi, kwa mtazamaji wa mbali, huonekana kuwa jambo moja, kwa kuwa katika hali zote mbili mahali pamekosa mtu. Kwa walio karibu ni mambo mawili mbalimbali. Aliyeanguka mahali pake ameacha njia, aliyetoroka ameikata.

Mpaka hapa mchepuo waonekana kuwa fadhila tupu. Umeondoa adhabu ya wasio na hatia, na umemwonyesha aliyekufa, kwa kuwa sasa ndiye peke yake aliye gizani. Lakini umeme hauna sadaka. Volti 120 zilizokuwa zikigawanywa kwa globu 50 sasa hugawanywa kwa 49. Fungu la aliyekufa halikufa naye, limewaangukia waliobaki. Kwa globu moja nyongeza ni ndogo, kiasi cha asilimia mbili, na jicho haliioni. Zikifa 5, kila moja katika 45 zilizobaki hubeba volti 2.67 badala ya 2.4, yaani nyongeza ya asilimia 11. Zikifa 10, kila moja hubeba volti 3, yaani robo zaidi ya fungu lake la haki.

Nyongeza hizi ni hatari kuliko zinavyosikika. Umri wa globu ya uzi hupungua kwa kasi kubwa nguvu ya umeme inapozidi: nyongeza ya asilimia 5 yatosha kuukata umri wake kwa nusu hivi. Basi zikifa 2 au 3 na mwenye mkufu asizibadilishe, zilizobaki zimekwisha kupoteza karibu nusu ya siku zao. Zikifa 5, zimebakiwa na kama robo. Zikifa 10, zimebakiwa na chini ya sehemu moja ya kumi. Kila moja inayokufa huiharakisha inayofuata, nayo huiharakisha nyingine, mpaka mkufu uliodumu miaka kwa miaka huisha kwa siku chache, na mwenyewe hustaajabu ni maradhi gani yamezishika taa zake.

Tena liko jambo la ajabu zaidi ambalo ndilo kiini cha mafundisho yote ya mkufu. Globu inayobeba zaidi ya fungu lake haionyeshi uchovu. Huwaka zaidi. Nguvu ya umeme ikizidi kwa asilimia 11, nuru ya kila globu huzidi kwa zaidi ya theluthi; na ukijumlisha nuru ya globu 45 zilizobaki, utaiona inashinda ile ya siku ambazo zote 50 zilikuwa hai. Mpita njia akiutazama mkufu huo atausifu. Mwenye mkufu akisikia sifa hizo ataona kuwa hana haja ya kununua globu mpya, kwani watano wamekufa na nuru imeongezeka! Haoni kuwa nuru hiyo ya ziada si faida. Ni umri wa zilizobaki, unaotumiwa kabla ya wakati wake.

Chukua mfano wa shule yenye walimu 10. Mmoja akifa au akihama, vipindi vyake hugawiwa tisa waliobaki, na hilo ni jambo jema, kwa maana watoto hawana kosa na masomo hayapaswi kusimama. Mwaka ukipita bila mwalimu mpya, mgawanyo ule uliokuwa wa dharura huwa ndiyo desturi. Akiondoka mwingine, wanane huubeba mzigo wa kumi. Huamka mapema, husahihisha madaftari usiku, na kwa kuwa ni watu wa heshima, hufundisha kwa bidii kuliko zamani. Taarifa huandikwa kwamba vipindi vyote vinafundishwa, na kwa mishahara michache. Mgeni hupita akawasifu. Kisha katika muhula mmoja watatu huugua au huacha kazi kwa pamoja, na watu husema kuwa walimu wa siku hizi hawana uvumilivu. Lawama huwekwa juu ya globu ya mwisho kuzimika, hali kosa lilifanyika siku ile ya kwanza ambayo globu ya kwanza haikubadilishwa.

Au chukua nyumba iliyofiwa na mama. Binti mkubwa huacha masomo akashika jiko, akawaogesha wadogo zake, akamwuguza bibi yake. Majirani huja kutoa pole wakaona uwanja umefagiwa na watoto wamekula, nao husema, "Alhamdulillahi, nyumba imesimama." Sifa hiyo ni ya kweli, na kwa hiyo ni ya kutisha. Nyumba imesimama juu ya mgongo wa mtoto wa miaka 14, na anavyozidi kuwa hodari ndivyo wanavyozidi kusahau kwamba mzigo haukuwa wake. Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa anayetazama, mzigo wa binti yule ni mwepesi, kwa sababu anaubeba bila kulia.

Hapa ndipo jibu la swali la tatu lilipo. Kundi laweza kuendelea mmoja akianguka, na mara nyingi lapaswa kuendelea. Lakini mchepuo ni muhula, wala si msamaha. Kuendelea kwa waliobaki ni mkopo waliomkopesha mwenye mkufu, na kila usiku unaopita mkopo huo unazidi. Wao wameubeba mzigo ili apate nafasi ya kutafuta globu nyingine. Hawakuubeba ili aache kutafuta. Anayeutumia uvumilivu wao kama sababu ya kutofanya lolote amegeuza fadhila yao kuwa silaha ya kuwaangamizia. Nao wajibu wake si mgumu: aitafute globu mbovu mara ionekanapo, aiondoe, aweke nyingine yenye volti ileile, na afanye hivyo ya kwanza ingali moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika mkufu wa taa, ufa huonekana kwa macho, ila kwa asiyetaka kuutazama.

Mtu aweza kupinga akasema kwamba binadamu si globu. Globu ikifa yaweza kubadilishwa na nyingine inayofanana nayo, lakini mama hana badala, wala mwalimu aliyependwa, wala rafiki. Kusema kwamba aliyekufa "abadilishwe" ni kumdhalilisha. Pingamizi hili ni la haki, na linataka kujibiwa kwa kutenganisha mambo mawili yaliyochanganywa, yaani nafsi ya mtu na mzigo wake. Nafsi haibadilishwi; pengo lake hubaki, na ni vema libaki, kwa maana huzuni ni namna ya kuitambua thamani yake. Mzigo ni jambo jingine. Maji yatachotwa, hesabu itafunzwa, mgonjwa atageuzwa kitandani, na kama haikutajwa mikono mipya, itakuwa mikono ileile. Wengi hukataa kumweka mtu mpya kwa kisingizio cha heshima ya marehemu, hali heshima hiyo inalipwa na walio hai kwa jasho lao. Marehemu mwema, lau angeulizwa, asingeitaka heshima ya namna hiyo.

Sasa ile hoja ya mkufu wa kale yafaa kurudiwa. Watetezi wake walisema kwamba ulikuwa mkweli, kwa kuwa ulisimama ili msiba uonekane. Mafundi hawakuisahau hoja hiyo. Katika baadhi ya mikufu yenye michepuo iko globu moja ambayo ncha yake imepakwa rangi nyeupe. Kwa sura ni kama nyingine, lakini haina kiwaya cha mchepuo. Kazi yake ni ya fyuzi. Globu nyingi zikifa bila kubadilishwa, mkondo wa umeme unaopita katika zilizobaki huzidi, joto huzidi, na hatari ya moto hukaribia. Hapo globu nyeupe hukatika, na kwa kuwa haina njia ya kando, mkufu wote huzimika. Mwenye mkufu hukasirika na kuiona kuwa ndiyo mbovu kuliko zote, kumbe ndiyo iliyoiokoa nyumba yake.

Kila ushirika wa watu wahitaji globu nyeupe. Wahitaji mkaguzi asiyekubali kutia sahihi hesabu asizozielewa, mganga anayesema kuwa wodi hii haitapokea mgonjwa mwingine mpaka wauguzi waongezwe, mzee wa ukoo anayesimama katika matanga na kuuliza mbele ya wote ni nani atakayemrudisha binti shuleni. Watu wa namna hii hawapendwi siku ya sikukuu, kwa maana wao ndio wanaoleta giza. Lakini giza lao ni la aina nyingine: huja kabla ya moto, na huja kwa ajili ya kuuzuia. Ukoo au idara iliyomwondoa mtu huyo na kuweka mahali pake mwingine aliye tayari kupitisha kila kitu imefanya kama yule anayeitoa globu nyeupe na kutia ya kawaida, au anayefunika pengo kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili taa ziwake tu. Taa zitawaka kweli. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Huenda mwingine akauliza kwa nini yote haya yavumiliwe, hali upo mpango wa sambamba ambao kila taa hujitegemea na kufa kwa moja hakuizidishii nyingine mzigo hata kidogo. Kweli upo, na ni mwema kwa globu zinazouweza. Lakini globu ya sambamba lazima iihimili nguvu yote ya nyumba peke yake, na nyaya zake zina gharama zaidi. Ni mpango wa wenye uwezo. Tena hata taa za LED za siku hizi, ambazo hutumia umeme kidogo na hudumu muda mrefu, nyingi zimefungwa kwa mfululizo katika mikufu yao, kwa sababu ileile ya kale: kila moja ni ndogo mno kuikabili nguvu ya nyumba. Chombo kimebadilika, unyonge haujabadilika. Walio wadogo wataendelea kuwaka pamoja, na kwa hiyo hawana budi kuendelea kuulizana mzigo wa mwenzao aliyezimika uko juu ya nani.

Basi wajibu umegawanyika kama umeme wenyewe unavyogawanyika. Wa atakayeanguka ni kuacha njia. Wa waliobaki ni kubeba kwa muda, na kusema wanapolemewa. Wa mwenye kufaidi nuru ni mkubwa kuliko yote, kwa kuwa yeye peke yake ndiye mwenye mkono unaoweza kuleta globu mpya. Nao ni kuzihesabu taa zilizokufa hata usiku ambao mkufu unang'aa, na hasa usiku ambao unang'aa kupita kiasi. Nuru nyingi si lazima iwe dalili ya afya. Yaweza kuwa ni wachache wanaoungua kwa ajili ya wengi ambao hakuna aliyewahesabu.